Roboti ya Kufunga Vilio

Mvua ilinyesha mlimani huku bondeni jua linawaka, na hiyo ndiyo mvua mbaya. Bu Sumirah aliacha karanga zikaungua kikaangoni. Mumewe, Pak Darmo, alikuwa mtoni akipakia mchanga wa volkano kwenye lori, na tope la mlimani halipigi hodi.

"Wening, mbona king'ora cha mafuriko hakilii?" akamwuliza bintiye.

"Tulia, Mama. Kompyuta inasema mto shwari."

Programu ya king'ora aliiandika Wening mwenyewe, bure, na vijiji vingi vya mitoni vikaichukua.

Simu ikalia. Alikuwa Mas Gondo wa kijiji cha juu, anahema.

"Dada, huku kipimo cha maji ya mto kimebebwa! Kikikatika, programu yako inarudia namba ya mwisho. Si nilikuandikia? Na marekebisho nikakutumia, kipimo kikikatika king'ora kilie!"

Wening akatafuta. Taarifa ilikuwepo, imefungwa kana kwamba imeshughulikiwa. Alikuwa amechoshwa na malalamiko ya watu, akaweka roboti ya kompyuta ifunge kila taarifa iliyokosa jibu, ukurasa uonekane safi. Nayo ilifunga, ikashukuru.

"Mtu kapiga kelele, ukamziba mdomo?"

"Si mimi, Mama, ni roboti."

"Na roboti nani kaiajiri, bibi yako? Weka hayo marekebisho!"

"Sijayasoma! Yakiwa mabovu, ving'ora vyote vitanyamaza."

"Kwani sasa vinaimba?"

Wening akayasoma mstari kwa mstari. Mama akampigia mumewe, hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Kutoka mlimani ukaanza mngurumo, vikombe vikagongana kabatini.

"Nduk, mwanangu, baba yako!"

Wening akabonyeza. Kimya. Kisha king'ora kikapasua bonde.

Baadaye Pak Darmo alitokea ngazini amejaa tope hadi kifuani, kiatu kimoja. "Lori limekwenda," akasema, akaketi sakafuni. Bu Sumirah alimpiga ngumi ya bega, halafu akamkumbatia.

Wening hakuinuka. Aliizima roboti, akaanza kufungua taarifa zilizofungwa. Moja ilitoka kisiwa kingine, ya masika yaliyopita. Akaisoma kwa sauti:

"'Kipimo kilikatika, king'ora hakikulia. Tumezika watu. Kuna mtu anasoma huku?'"

Chini yake roboti ilikuwa imeandika: Asante kwa mchango wako.

Bu Sumirah akavuta kiti, akakaa karibu na bintiye.

"Mjibu," akasema.

"Nimwambie nini, Mama?"

"Anza na jina lako."