Daftari la Waliolowa

Saa moja na robo asubuhi, karani wa takwimu wa ofisi ya maji alimwogesha mjukuu wake wa siku kumi na mbili, na mtoto hakulowa. Maji ya bomba yalimteleza kama yanavyoteleza kwenye jani la gimbi, yakarudi kwenye beseni. Mikono ya karani ililowa hadi viwikoni. Yeye alikuwa ameandikishwa kwenye daftari la maji, mtaa wa zamani.

"Nilisahau kukwambia, Mama," binti yake alisema, akikunja nepi. "Huku bondeni maji ya bomba hayatulowanishi."

"Sasa mnaogaje?"

"Ya kisima, ng'ambo ya reli. Yale hayachagui mtu. Ila kisima kinakauka, siku hizi ni ndoo moja kwa nyumba."

"Mwaka mzima mko huku, na mama yako yuko ofisi ya maji!"

"Wewe ukija huulizi. Unapanga vyombo."

Karani alitazama vipele shingoni mwa mtoto. Hakuhitaji fundi wa bomba kumweleza sababu. Kwenye daftari la ofisi, bonde lile lilikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili. Namba hiyo aliiandika mwenyewe. Miaka tisa aliinakili kutoka ukurasa wa mwaka uliotangulia, kwa sababu bosi alitaka ripoti mezani kabla ya Ijumaa.

Alichukua daftari, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kila aliyeandikwa alilowa. Fundi cherehani alinawa, akarudi kwenye suruali aliyokuwa akishona. Mwuza mkaa alioga robo saa nzima.

"Mama Takwimu, huyu usije ukamfuta," mkewe alisema. "Ndiyo kwanza namwona sura."

Nyumba ya binti yake aliiacha ya mwisho, asije akaambiwa anapendelea. Aliifikia siku ya nne.

"Jina la mtoto?"

"Baba yake na shangazi zake bado wanavutana."

Akaandika: Mtoto, siku kumi na tano. Mtoto akalowa kutoka utosini hadi kisigino, akalia bonde zima likasikia.

Bosi alisoma jumla: elfu tatu mia nne na sita. "Watu umeongeza wewe. Bomba mimi sijaongeza," alisema, akagonga muhuri.

Basi maji yakaja membamba kama uzi. Wakazi walikaa kikao, wakapanga zamu: wenye watoto wachanga kwanza, waosha pikipiki mwisho. Aliyeruka foleni ni mwuza mkaa peke yake, mara moja, na aliyemshtaki ni mkewe.

Kilimani, nyasi za bustani ziliendelea kumwagiliwa mara mbili kwa siku. Zilikuwa kwenye daftari tangu zamani, kila jani.

Ijumaa iliyofuata karani alishuka tena bondeni. Mwanamke mwenye godoro kichwani alimsimamisha.

"Samahani dada, hapa ndipo mnapoandikisha kulowa?"

"Ndipo. Mko wangapi?"

"Wanne. Na huyu," akagusa tumbo.

Karani akafungua ukurasa mpya, akaandika watano.