Watani wa Uwanjani

Victorine aliuchukia mpira kwa roho yake yote. Kila Jumapili, misa ikiisha tu, mume wake Anaclet, fundi wa reli, alibugia chakula akakimbilia uwanjani peku, akarudi jioni na vidole vimevimba, mwenyewe anacheka. Baba mzima wa watoto. Kucheka alikujua vizuri. Kufunga mabao ndiko kulikomshinda.

Mwaka ule wa 1938 homa ikamchukua ghafla. Kilio kikawekwa uani, pale kambini kwa wafanyakazi wa reli. Victorine alilia, lakini kilichomtia hofu kilikuwa kingine: nani atamzika? Kwao kaskazini ndugu hulia tu. Kuchimba kaburi na kumtania marehemu njiani ni kazi ya watani, watu wa ukoo mwingine. Asipotaniwa, amefukiwa kama mbwa. Na hapa Élisabethville watani angewatoa wapi? Wote walibaki kijijini, mwendo wa siku nyingi kwa treni.

Asubuhi wakaingia vijana wa timu ya kambi jirani, majembe begani. Hao ndio Anaclet alikuwa akipambana nao uwanjani. Mlinda lango wao, Donat, hakutoa hata pole. Alisimama mbele ya jeneza akasema, "Anaclet, unatukimbia? Ni sababu ya ile goli uliikosa, na ilikuwa wazi? Hata mama yako angeifunga."

Wenzake wakacheka.

Victorine alipandwa na hasira, akanyakua ufagio akamcharaza nao mgongoni. "Mulevi weye. Toka kwa kilio yangu."

Donat hakusogea. "Piga tu, mama. Siye njo batani bake. Kila siku ya Mungu, pale uwanjani, tulikuwa tunatukanana naye. Nani mwingine atamuchimbia?"

Watani! Ufagio ukamtoka mkononi. Akaketi chini akalia kwa sauti, akawaacha wamtukane mume wake mpaka makaburini.

Matanga yalipoondolewa, Victorine alikwenda uwanjani kwa mara ya kwanza, kitambaa cheusi kichwani. Watu wakampisha, wakidhani amekuja kulia. Akaenda kusimama nyuma ya goli la Donat.

"Donat," akapaza sauti, "iyo mikono iko ya kushika mupira ao ya kusonga bukari kwa sufuria?"

Donat hakugeuka. Alijifuta macho kwa kiganja, na mpira ukampita ubavuni ukaingia. Victorine ndiye aliyetangulia kupiga vigelegele.