Chumba cha Uani kwa Milimita Kumi

Shamsi alimwambia mkewe kwamba anaoa mke wa pili siku ya Jumanne asubuhi, huku akimenya kiazi kitamu. Alitumia sauti ile ile aliyomwambia nayo wiki iliyotangulia kwamba mabati yamechelewa kufika dukani. Binti ni wa Kibondo, jina lake Zaitun, na mazungumzo yameshafika mbali. Firdausi alisema, "Sawa, baba Mwajabu." Kisha akamwuliza kama anaongeza chai.

Kabla ya adhuhuri Kasulu yote ilishajua. Majirani walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, wakakaa mkao wa kula wakingojea mshindo. Walingojea wiki, wakangojea mwezi, na wengine walianza kuona kama wamedhulumiwa. Firdausi alifungua studio yake saa mbili kila asubuhi, akapiga picha za pasipoti, akafunga magharibi. Mawifi zake walimsifu kwa subira. Maskini, hawakujua walichokuwa wanakisifu. Subira ni kazi, tena kazi ya jasho, na Firdausi hakuwa anafanya kazi yoyote. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Ukiugusa unajua ni wako, ila haukwambii kitu.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kinachotazama barabara. Firdausi ndiye mwanamke pekee pale mjini mwenye kamera kubwa, zile za kubadilisha lenzi, na kwa sababu hiyo shughuli zote ambazo mwanamume hakanyagi zilikuwa zake: singo za maharusi, maulidi ya akina mama, arobaini za watoto. Shida yake ilikuwa nafasi. Shughuli hizo hufanyika vyumbani, na sebule ya kukaa watu kumi huingia wanawake arobaini na vichwa vyao vya vilemba. Firdausi alikuwa akirudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na bado shangazi wawili walibaki nje ya picha. Shangazi aliyeachwa nje ya picha hasahau. Atakukumbusha hata msibani.

Kwa hiyo alikuwa na miaka miwili akitaka lenzi pana. Mwezi Machi, mwaka elfu mbili na kumi na tatu, Abdalah wa duka la simu karibu na stendi alimpigia akamwambia aje. Abdalah alikuwa na kaka yake Kariakoo, na kaka alikuwa ametuma lenzi mbili zilizokwisha kutumika, zimefungwa ndani ya taulo kwenye boksi la biskuti.

"Chagua moja, dada Firdausi," alisema. "Ya pili inarudi na basi la Jumapili. Kaka yangu hapendi mzigo ulale."

Ya kwanza ilianzia milimita kumi na kuishia ishirini. Ya pili ilianzia kumi na mbili mpaka ishirini na nne. Asiyejua kazi atasema milimita mbili ni kitu gani, hata kunguni anazishinda. Lakini huku chini kwenye namba ndogo kila milimita ni hatua nzima ya kurudi nyuma, na nyuma kuna ukuta.

Alizijaribu kama fundi. Alikwenda nyuma ya madrasa, kwenye ukuta mrefu wa matofali ya kuchoma, akapiga kwa hii na kwa ile, kisha akazikuza picha kwenye kompyuta. Ile ya kumi ilipinda. Mistari ya matofali ilikaa vizuri katikati, lakini kadiri ilivyokwenda pembeni ilibinuka, na kwenye kona tofali lilififia kama limelowa. Alimwomba jirani yake Theodosia asimame ukingoni mwa picha. Mkono wake ukatoka umevimba kuliko paja. Wanawake wa Kasulu watakusamehe mengi, lakini si mkono ulionenepeshwa na kioo. Ile ya kumi na mbili haikupinda hata kidogo. Kona zake zilisomeka, gurudumu lake lilizunguka laini, na mwanga wake haukupungua ulipovuta karibu. Jumatano alipita kwa Abdalah akamwambia ameshaamua, anachukua ya kumi na mbili, ila akae nazo zote mpaka Jumapili kwa uhakika.

Jioni hiyo Shamsi aliingia studio, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasimama karibu na pazia la rangi ya bahari wanalosimamia watu wa pasipoti.

"Mama Mwajabu, nina ombi," alisema. "Nataka unipigie picha kile chumba cha uani."

Desturi ni kwamba upande wa mke hutuma mtu kuja kukagua nyumba kabla siku haijapangwa. Safari hii alitumwa shangazi wa binti, lakini mvua za mwaka huo ziliifanya barabara ya Kibondo kuwa uji, na shangazi aliishia njiani na matope magotini, akageuza. Sasa mama wa binti, Bi Kudra, alikuwa amesema basi, apelekewe picha, na bila picha hakuna siku. Bi Kudra alikuwa na sababu. Yeye mwenyewe aliolewa mke wa pili, akakaa miaka saba katika chumba kilichounganishwa na jiko la mke mwenzake, akivuta moshi wa chakula asichokipika. Alikuwa ameapa kwamba mwanawe hataishi stoo.

Na chumba cha uani kilikuwa stoo. Mpaka mwezi uliopita kilikaa saruji na maharage. Shamsi alikuwa amekipaka rangi ya samawati na kuingiza kitanda.

"Wasiporidhika nacho," aliendelea, "itabidi nimpe hiki cha mbele. Wewe tutakutafutia kibanda sokoni."

Hakusema kwa vitisho. Shamsi si mtu mbaya, ni mtu wa kupenda mambo yaishe bila kelele, na watu wa namna hiyo wanaweza kukuvunjia nyumba wakiwa wamevua viatu mlangoni. Firdausi alitazama dawati lake, taa zake mbili, na pazia. Miaka tisa alikuwa nacho chumba hiki. Ndicho kitu pekee pale nyumbani ambacho watu walikiita kwa jina lake. Alijua kwamba anapaswa kukasirika, akaitafuta hasira ndani, akakuta pakavu.

"Sawa," alisema.

Asubuhi ya Alhamisi alikwenda uani na lenzi zote mbili. Alianza na ile aliyoichagua. Alisimama mlangoni, mgongo kwenye fremu, akapiga. Picha ilisema kweli: kitanda, ukuta, ukuta. Mtu yeyote angeona kwamba anayelala pale akinyoosha mkono atagusa samawati. Akabadilisha, akaweka ya kumi. Alishusha kamera mpaka usawa wa kiuno, akainyoosha isiangalie juu wala chini, ili kuta zisionekane zinaanguka. Chumba kikafunguka. Ukuta wa mbele ulikimbia mbali, sakafu ikatandazika, dirisha dogo likaonekana liko huko mwisho, kama dirisha la darasani. Kilichokosekana pale kilikuwa makochi tu.

Alipiga tatu, akachagua moja, akakata kingo zilizopinda, akaisafisha kwa ukubwa wa daftari. Wahenga wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini Bi Kudra hakuwa na macho pale Kasulu, alikuwa na ya Firdausi tu. Alilijua hilo waziwazi wakati anaifunga bahasha. Aliijua pia njia ya pili: atume picha ya kweli, na huenda harusi nzima ingevunjika, asipate mke mwenza wala kibanda. Huenda. Lakini huenda ni neno la mtu mwenye nguvu za kungojea, naye alitaka mlango huu wa studio ubaki wake na mengine yapite. Alimkabidhi kondakta wa basi bahasha, akarudi kuosha vyombo. Alikaa akisubiri kuona aibu, na aibu haikuja.

Jumapili alimrudishia Abdalah lenzi ya kumi na mbili.

"Si hii ndiyo uliyosema bora?" Abdalah alishangaa.

"Nimebadili."

"Ile inapinda, dada. Umeniambia mwenyewe."

"Inaingiza vitu vingi," alisema Firdausi. "Na ninajua inapopinda."

Jibu la Bi Kudra lilikuja kwa simu ya Shamsi baada ya siku nne. Alikuwa amefurahi mpaka picha ameizungusha kwa majirani, na nakala nyingine ameipeleka kwa ndugu zake Kakonko. Siku ikapangwa, mwisho wa Mei, mvua zikikatika.

Ndoa ilifungwa Kibondo. Firdausi hakwenda, wala hakuna aliyemtarajia, lakini bibi harusi alipoletwa Kasulu siku ya pili yake, ndiye aliyempokea mlangoni kama inavyompasa bi mkubwa. Alimshika mkono, akamketisha sebuleni katikati ya wanawake, kisha akachukua kamera akafanya kazi yake. Lenzi ilikula sebule yote. Hakuna shangazi aliyebaki nje. Wenye mikono minene aliwaweka kati, wembamba akawapeleka pembeni, na kila mtu akatoka anapendeza. Zaitun alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye kuitikia kila salamu kwa adabu ya Kibondo, "ego, mama," "ego, shangazi," yaani ndiyo, bila kuinua macho. Firdausi alimtazama kupitia kamera kama anavyotazama bibi harusi yeyote. Aliangalia mwanga wa uso.

Wageni walipotawanyika baada ya alasiri, alimpeleka uani kumwonyesha chumba. Zaitun alitangulia. Chini ya kwapa alibeba mkeka uliokunjwa, mnene kama gogo, ambao hakuruhusu mtu mwingine aubebe siku nzima.

Aliingia hatua moja, akasimama. Alitazama kitanda. Alitazama ukuta wa kulia, wa kushoto, akageuka akaangalia nyuma ya mlango, kama mtu anayetafuta mlango mwingine wa kuendelea ndani. Haukuwepo.

"Ndicho hiki, dada?" aliuliza.

"Ndicho hiki."

Zaitun aliushusha mzigo wake. Aliinama, akafungua kamba, akautandaza mkeka. Ulikuwa wa ukindu, wenye mistari ya zambarau na kijani, kazi ya mkono yenye kushonwa karibu karibu. Ukaenda mpaka ukutani, na bado ulikuwa na nusu yake. Akausukuma chini ya kitanda; ukatokea upande wa pili, ukapanda ukuta mpaka dirishani. Akaurudisha, akaujaribu kwa upana. Ikawa hivyo hivyo.

"Mama ameufuma miezi miwili," alisema, akiwa bado amepiga magoti. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeeleza njia ya kwenda kisimani. "Alipima kwenye picha. Alisema kitanda ni futi sita, akakipima kitanda kwa kijiti, halafu kijiti kile kile akakipitisha sakafuni mpaka mwisho. Vidole vyake vilipasuka. Alisema nisikanyage saruji tupu hata siku moja, maana yeye alikanyaga miaka saba."

Firdausi alisimama mlangoni, mahali pale pale aliposimama siku ya Alhamisi ile. Kamera ilikuwa bado shingoni mwake. Zaitun aliitazama kamera, kisha akamtazama yeye, na ilikuwa mara ya kwanza kuinua macho tangu afike. Alikuwa ameelewa. Firdausi aliona anavyoelewa, akangoja kutukanwa, na kwa kweli angelipenda atukanwe.

Zaitun aliukunja mkeka mara mbili, taratibu, ili usivunjike. Sehemu iliyobaki aliilaza sawasawa kati ya kitanda na mlango, akaificha mikunjo chini ya kitanda. Akakaa juu yake, akavuta miguu, akautengeneza ushungi wake.

"Mama ataomba kuona mkeka wake umetandikwa," alisema. "Nipige hapa, dada. Lakini nipige kama ulivyopiga ile picha ya kwanza. Naomba asijue."

Firdausi alitoka nje hatua moja, akainua kamera. Katika kitundu cha kuangalizia chumba kilifunguka tena, kuta zikakimbia, dirisha likaenda mbali, na pale katikati ya ukumbi ule wa uongo alikaa binti mdogo sana juu ya kipande cha mkeka, anatabasamu kwa ajili ya mama yake. Ndipo aibu ilipokuja. Haikuja kidogo kidogo. Ilimpanda ya moto, na nyuma yake zikafuata hasira, na uchungu wa ile Jumanne, na vyote alivyokuwa ameambiwa akasema sawa. Alibonyeza, na picha ikatoka imetikisika, uso wa Zaitun umekuwa ukungu.

"Imetoka?" Zaitun aliuliza.

"Bado."

"Basi tulia, dada," alisema Zaitun, bila kuliacha tabasamu lake. "Mimi sitaondoka hapa."

Firdausi alijifuta macho kwa kiganja, akakaza viwiko mbavuni, akapiga tena.