Karafuu Kwenye Sufuria ya Kiriba

Mwaka ule sabuni ya dukani ilikuwaga hadithi tu, kwa hiyo akina mama wa kijiji cha ujamaa pale Kiriba wakaanza kujipikia. Mimi nilikuwa bwana maendeleo wao: diploma, baiskeli, na shati linalonuka mchuzi.

Maana sabuni yenyewe ilikuwa ya mafuta ya ng'ombe. Uchafu inatoa, lakini ukishaanika nguo, mbwa wanakaa chini ya kamba wanasubiri. Wanunuzi wakakimbia. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Machage, akatangaza kwamba kesho mchana anakuja kunusa. Akikuta tena harufu ya nyama, sufuria kubwa inarudi kupikia uji wa wavuna pamba, na kikundi kimekufa.

Nikaenda Musoma mjini kwa Hamduni, muuza marashi. Akawapa akina mama zawadi, kichupa cha mafuta ya karafuu.

"Matone machache tu, bwana."

Nikawaambia hivyo hivyo. Lakini kule kwao zawadi ya mgeni kuibakiza ni kumtukana.

"Mtu katukumbuka kutoka mjini, nimpimie matone?" Nyamburi, kiongozi wao, akasema. "Atatuonaje?"

Akamimina yote.

Sabuni iliyokuwa inachemka tangu asubuhi ikashtuka. Ikaganda pale pale, mwiko umesimama katikati kama mlingoti wa bendera. Mmoja wao, Wankyo, akauvuta. Sufuria nayo ikainuka.

"Tumekwisha," Nyamburi akakaa chini. "Sabuni hatuna, na sufuria tumeiharibu."

Nilitaka kucheka. Nilipomwona macho, nikaacha.

Kati yao Boke peke yake hakuwa na wasiwasi. "Kwani ugali ukigandia sufuriani mnaufanyaje? Mnaulilia?"

Basi wakaipasha sufuria kidogo kwenye makaa ili pembeni kulegee, wakailaza ubavu juu ya gunia. Wankyo akawa anapiga kitako cha sufuria kwa mti, mimi navuta mwiko.

"Vuta, Bwana Maendeleo! Au diploma haina misuli?"

Nikavuta. Puu! Nikaanguka chali, jisabuni la kahawia limenilalia tumboni.

Ndipo mzee Machage akafika. Akanitazama.

"Bwana Maendeleo, umejifungua salama?"

"Salama, mzee. Pole pole tu."

Akainama, akanusa. "Mbona kananuka pilau?"

Boke akakata kipande kwa waya, akamletea maji kwenye beseni. Mzee akanawa taratibu, povu likapanda mpaka kwenye viwiko. Akanusa viganja, akageuza, akanusa tena. Nyamburi alikuwa hapumui.

"Nikatieni kipande cha mama yenu nyumbani."

"Na sufuria, mzee?" Nyamburi akauliza, sauti ndogo.

"Si ni ya sabuni hiyo? Uji tutapikia pipa."

Nyamburi akacheka mpaka machozi. Akayafuta kwa mkono wenye povu, sasa akalia kweli, huku bado anacheka.