Nguruwe wa Nabwire

Kutoka Mashimoni, Kibera, hadi Kawangware kwa miguu ni mwendo wa saa nzima, na Jumapili hiyo Nereah aliitumia saa yote kumfundisha mumewe kupiga kura.

"Nikisimama na kitabu changu, wewe unasimama wapi?"

"Nyuma yako, Mama Akinyi."

"Na Gachanja akikuangalia?"

"Naangalia chini."

"Na akikohoa?"

Obiero akafikiri. Alikuwa fundi wa mawe, na karibu mawe yote aliyochonga mwaka huo yalikuwa ya nyumba za kupangisha za Gachanja. "Akikohoa pia naangalia chini," akasema, lakini polepole mno, na Nereah akajipiga kofi mdomoni asije akasema neno la kumkosesha kura.

Chama chenyewe cha kusoma alikianzisha Nereah. Ninalisema hilo mapema kwa sababu wenzake walikuwa wameshalisahau. Mtu alisoma hadi darasa la saba akatoka wa pili, sasa anashinda sokoni Silanga akiuza sukuma wiki na kusikiliza watu wakilia bei. Hastahili hadithi moja tu kwa wiki? Basi akawakusanya watu wa Kibera na wa Kawangware, jumla kumi na saba. Kila mwezi walichanga wakanunua kitabu kimoja kwa Muia, muuza vitabu vya mitumba, na kila Jumapili baada ya kanisa kikasomwa kwa sauti, maana kitabu ni kimoja na wengi wao hawakuwa wamepatana na herufi. Kikasomwa na nani? Na Nereah, nani mwingine!

Chumba cha kusomea, huko Kawangware, kilikuwa cha Gachanja, kwa hiyo uenyekiti ukawa wa Gachanja. Na kwa vile mwaka huo wa themanini na nane nchi nzima ilikuwa imefundishwa kupiga kura kwa mlolongo, naye akaamua chama kipige mlolongo. Anayependekeza kitabu anasimama mbele amekishika, watu wanajipanga nyuma yake, wanahesabiwa. Sasa niambie, ni mpangaji gani atajipanga nyuma ya muuza sukuma na huku mwenye nyumba anamtazama usoni? Tangu Mei walikuwa wamesoma mbolea, wakasoma kabichi, wakasoma magonjwa ya ng'ombe, watu ambao hata pa kumfunga mbuzi hawana! Nereah alisoma mpaka koo likakauka.

Agosti kikaja kitabu cha kuku. Ukurasa wa tisa, Obiero akikoroma na mwenzao Khamala akichokonoa meno, Nereah alishindwa. Kitabu kilisema, "Kuku wapewe maji safi kila asubuhi." Yeye akasoma, "Nabwire aliwapa kuku wake maji safi kila asubuhi, asijue kwamba shemeji yake anamchungulia kutoka ua wa pili." Khamala akatoa kijiti mdomoni. "Shemeji gani?" akauliza. Basi hapo ndipo balaa lilipozaliwa. Mwezi mzima Nereah akasoma yaliyoandikwa na yasiyoandikwa, Nabwire mjane, na shemeji yake mwenye tamaa, na wale kuku waliokuwa urithi wake wote. Watu wakalia. Jumapili ya mwisho alitaka kummaliza tu apumzike, akasoma kwamba Nabwire aliuza kuku wote, akanunua nguruwe mmoja mwenye mimba, akatoroka naye alfajiri. Akafunga kitabu, akaona amewaaga vizuri.

Halafu Muia akaleta vitabu vya kuchagua. Kimoja kilikuwa kinene, hakina jalada. Nereah alikisoma ukurasa wa kwanza amesimama mlangoni: mwanamke anafungua mlango asubuhi, anamkuta dada yake nje na kikapu mkononi, dada ambaye walimzika miaka minne iliyopita. Alipotaka kufunua ukurasa wa pili, Muia akamnyang'anya. "Kununua kwanza, mama." Wiki nzima Nereah hakulala vizuri. Ikiwa dada yuko mlangoni, basi walimzika nani? Alipima sukuma akijiuliza, akakosea chenji akijiuliza. Kukinunua peke yake hakuweza, bei yake ilikuwa unga wa nyumba wa wiki nzima. Na Muia alikuwa anahama Jumatatu, kesho ya kura, kurudi kwao Machakos na mzigo wake wote. Kitabu kisipochaguliwa leo, kimekwenda.

Walipofika, Muia alikuwa mlangoni na mifuko yake. Gachanja akafungua kikao kwa maombi, kisha akasimama, akainua kitabu chake.

Kilikuwa cha ufugaji wa nguruwe.

Nereah aliiona picha ya nguruwe pale juu. "Jameni," akasema upesi, akiinua kile kinene alichoazima kwa Muia, "hiki ni hadithi. Hadithi ya kweli kweli. Kuna mtu amezikwa na hatujui ni nani!"

"Pigeni mlolongo," akasema Gachanja.

Wakapiga. Haki ya Mungu, hata kusukumana walisukumana. Khamala alikuwa wa kwanza nyuma ya nguruwe, na wengine wakamfuata, Kibera na Kawangware bila ubaguzi. Gachanja hakukohoa hata mara moja, hakuwa na haja. Nereah akageuka kumtafuta mumewe. Obiero alikuwa wa kumi katika mlolongo wa nguruwe, naye alikuwa anaangalia chini, kama alivyofundishwa.

"Baba Akinyi!"

"Nisamehe, mama," akasema Obiero bila kuinua uso. "Lakini nguruwe ameshanunuliwa. Tumwache Nabwire njiani na mnyama mwenye mimba?"

Nyuma ya Nereah kulikuwa na ukuta. Aliyebaki tu ni Shosho Wakarima, mama yake Gachanja, ambaye kwa ajili ya magoti alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, na hakuna aliyekumbuka kumhesabu.

"Kumi na nne kwa sifuri," akasema Gachanja. "Wengi wape."

Hapo Nereah akapasuka. "Nabwire hayupo! Mnasikia? Hayumo katika kitabu cha kuku na hatakuwemo katika cha nguruwe! Nilimtunga mimi, kwa kuchoka na kuku wenu! Hakuna shemeji, hakuna mimba, hakuna kitu!"

Gachanja akachukua kitabu cha kuku rafuni, akapitisha kidole ukurasa wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Akakirudisha. "Ni kweli," akasema. "Kuna maji tu."

Nereah akangoja watukane. Angefurahi kama wangetukana. Badala yake Khamala akakuna kidevu, akasema, "Kwa hivyo mwisho anaujua Mama Akinyi mwenyewe. Si ni vizuri? Hata kitabu kikipotea, hadithi iko." Na mlolongo wote ukaitikia, na hakuna aliyetoa mguu pale alipokuwa.

"Yawa!" Machozi ya hasira yakamtoka. "Mnadhani kujua mwisho ni utamu? Nikiwasomea nyinyi, mnashtuka, mnacheka. Mimi nashtuka na nini, na nimeyapika mwenyewe? Nataka nikae chini niambiwe kitu nisichokijua. Mara moja tu! Nyinyi nawasomea mimi. Mimi ananisomea nani?"

Muia, ambaye kwake biashara ni biashara, akakichukua kitabu kinene mkononi mwa Nereah taratibu, akakitia mfukoni.

"Wewe Mkamba, ngoja," ikasema sauti ya dirishani.

Shosho Wakarima akainuka, akatoka uani akijishika ukutani. Wakasikia vurumai ya mabawa. Akarudi na kuku mwekundu kwapani, mnono, mmoja wa wale aliowafuga kwa kukifuata kitabu cha Agosti neno kwa neno, maji safi kila asubuhi. Akamkabidhi Muia. Muia akampima kwa mkono, akatoa kitabu bila maneno.

"Mama, huyo ni wa mayai!" Gachanja akapiga kelele.

"Ni wako?"

Gachanja akarudi kuketi.

Nereah akanyoosha mikono yote miwili. "Asante, Shosho! Mungu akubariki, nitakisoma leo leo nikurudishie."

Lakini Wakarima alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, na kitabu amekifungua mapajani mwake mwenyewe. "Nani amesema usome? Umeuliza nani atakusomea. Kaa chini."

Nereah akashusha mikono. Mwezi wa Julai bibi huyu, akiwa mwaka wa pili wa ngumbaru, masomo ya watu wazima, aliomba asome sentensi moja tu ya kitabu cha ng'ombe. Alifika kwenye neno "malisho" akakwama, "ma... ma... ma..." na Nereah akamchukulia kitabu mikononi, akasema, "Shosho, tutalala hapa." Watu walicheka sana. Tangu siku hiyo bibi hakuomba tena, akawa anaketi tu dirishani. Nereah hakuwa amelifikiria jambo hilo hata siku moja, mpaka sasa.

Akakaa chini.

"A," akasema Wakarima, kidole kwenye herufi. "A-li. A-li-fu. A-li-fu-ngu-a." Akapumua. "Alifungua. M. M-la. M-la-ngo."

Mlolongo wa nguruwe ukaanza kulegea, mmoja mmoja wakasogea, wakachuchumaa. Jua likahama kutoka dirishani hadi kwenye mguu wa meza. Dada alikuwa bado hajaonekana. Nereah alikuwa anaujua ukurasa huo wote kwa moyo, angeweza kuumaliza kwa pumzi mbili, na ukurasa wa pili uko pale pale, karatasi moja tu katikati! Mkono ukamtoka wenyewe.

Wakarima akakivuta kitabu kifuani. "Mkuki kwa nguruwe, Mama Akinyi," akasema, na hakuona haja ya kuimalizia methali.

"Ni kwamba Shosho... hapo ni 'kikapu'."

"Usiniambie. Nitafika."

Akafika. Ilimchukua muda wa kuchemsha maharagwe, lakini alifika kwenye kikapu, akamfikia dada, akafikia kaburi la miaka minne. Chumba kizima kikashtuka, "Ngai!" na Khamala akauliza kwa sauti, "Kwani walimzika nani?" Wakarima akalamba kidole, akafunua ukurasa wa pili. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na alikuwa anatabasamu.

"Ma," akasema. "Ma. Ma. Ma..."

Nereah akaikunja mikono yake, akaikalia, akangoja.