Mjomba, Baiskeli na Devta wa Bahlidhar

Waendesha baiskeli wote walikuwa wameshavuka daraja, na vumbi lao limeanza kutua kwenye vibanda vya chai, Dabe Ram alipoteremka kwenye baiskeli yake kwa mara ya kwanza. Kilima chenyewe kilikuwa bado. Alisema anakaza kamba za viatu. Viatu vile havikuwa na kamba. Vilifungwa kwa kifungo cha kuzungusha, na bei yake ilikuwa ya mbuzi wawili wazuri.

Mimi nilikuwa nyuma yake na gari la jipi. Gari langu liliitwa Fagio, kwa kuwa ndilo lililookota vibendera vya njiani na watu walioshindwa. Nimeuza sufuria Spiti, nimechunga ng'ombe wa watu Kinnaur, nimepika kwenye kambi za wapanda milima, na hapa bonde la Banjar nimekaa kuliko nilivyokusudia. Nimeona watu wakilipa ili wapumzike, na wengine wakilipa ili wale. Meja Sondhi, mwanajeshi mstaafu wa Chandigarh, ndiye wa kwanza niliyemwona akiuza uchovu. Kwa mbio zake za baiskeli, siku sita za kupanda na kushuka milima, kulala kwenye hema lililoloa na kula dengu zilizopoa, kila jozi ilimlipa pesa za kununua ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake. Wachungaji wa kabila la Gaddi hupita njia hizo hizo kila mwaka na kondoo wao, na hakuna anayewavisha medali.

Washindani walikwenda wawili wawili. Sheria ilikuwa kwamba wenzi wasiachane, wavuke mstari pamoja, kila mtu na baiskeli yake, na kabla muda wa siku haujafungwa. Aliyevunja hilo hata siku moja aliandikwa kuwa hakumaliza.

Dabe Ram alikuwa mkandarasi wa barabara. Uchaguzi wa mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji ulikuwa umekaribia, na watu walikuwa wameanza kusema kwamba kila kilo aliyoongeza tumboni ilipungua kwenye lami. Alitaka picha akivuka mstari wa mwisho, amekonda kidogo, na bendera nyuma yake. Mwenzi wake alikuwa Vandana, binti wa dada yake, aliyekuwa akimpogolea miti ya matufaha kwa ujira. Msichana huyo alikuwa amejifunza milima kwa baiskeli ya kuazima hotelini, na hapakuwa na mtu wa bonde lile aliyeweza kumfuata kwenye mteremko. Timu moja ya baiskeli ya mji wa Pune ilikuwa imemwambia nafasi ipo, kocha yupo, chakula kipo. Baiskeli aje nayo.

Ndipo mjomba akanunua baiskeli mbili zinazofanana, bei yake mavuno mazima ya bustani nzuri. Uani kwa devta, mungu wa kijiji, akashika punje za shayiri mkononi na kumwahidi Vandana mbele ya watu: nikimaliza mbio hizi, na wewe ukimaliza nami, hiyo unayoipanda ni yako. Wasipomaliza, baiskeli zote mbili zingerudi dukani, maana alikuwa ameshaelewana na mwenye duka. Mjomba alikuwa mwangalifu hata katika ukarimu.

Kwa hiyo Vandana, aliyejifunza mwaka mzima kwenda mbio, alilazimika kujifunza kwenda polepole. Hilo lilimtesa kuliko kilima chochote. Aliganda kwa baridi akimsubiri mjomba. Alipanda mpaka kwenye kona, akashuka, akaweka kiganja mgongoni kwa mjomba na kumsukuma, akapanda tena. Njia ya kwenda Jalori, juu mlimani, alisukuma baiskeli mbili, moja kila mkono, huku mwenye mali akitembea nyuma na kueleza jinsi alivyoipasua miamba ile.

"Barabara hii niliichonga mimi," alisema.

"Inajulikana, Mjomba. Nimeshaangukia shimo lako la tatu leo."

"Hayo ni mashimo ya mvua."

"Basi mvua ilikuhonga."

Nilifunga kioo cha jipi ili wasinisikie nikicheka. Kila jioni walifika mwisho kabisa, vibendera vikiwa vimeshakunjwa nusu, na Meja akaitazama saa yake kama mtu aliyecheleweshewa mshahara. Lakini walifika kabla ya muda kufungwa.

Taabu kubwa haikuwa miguu ya Dabe Ram. Ilikuwa makalio. Siku ya tatu hakuweza kukaa popote, hata kwenye mto wa sufi, akawa anakula amesimama kama farasi. Kiti cha baiskeli yake kilikuwa chembamba kama kisu cha mkate, na muuzaji alimwambia kwamba kadiri kinavyokuwa chembamba ndivyo kinavyokuwa ghali. Alitangaza kwamba kesho haendi. Vandana hakubishana naye. Alitoka akaelekea kwa mzee mmoja wa Sojha, mpeleka barua mstaafu, akarudi na kiti cha baiskeli ya zamani ya posta, cha ngozi nene, chenye springi, kipana kama kigoda. Mzee alikubali kubadilishana, na kile chembamba akakining'iniza ukutani kwake.

Kwa kiti kile mjomba alifufuka. Siku ya nne alipanda vilima viwili bila kuteremka. Siku ya tano walifika mapema kiasi kwamba alipata muda wa kuhutubia wapishi.

Siku ya sita ilikuwa ya mteremko mtupu, kutoka msitu wa Bahlidhar hadi uwanja wa shule bondeni, na muda ungefungwa saa sita mchana. Kwa mara ya kwanza walikuwa na nafasi ya kupumua. Wenzao wote walikuwa wameshapita. Tulipokata kona ya chini ya msitu, tukasikia tarumbeta.

Meja alikuwa amepanga tarehe kwa kalenda ya ukutani. Nag wa Bahlidhar, devta yule yule wa ahadi ya mjomba, ana kalenda yake, na siku ile alikuwa anakwenda kumtembelea dada yake, devi, mungu wa kike wa kijiji cha chini. Alikuwa ametoka hekaluni na kuingia barabarani muda mfupi tu baada ya jozi iliyotutangulia kupita: machela mabegani mwa wanaume wawili, sanamu zake za nyuso za fedha zinang'aa kati ya vitambaa vyekundu, wapiga ngoma, wapiga tarumbeta, na kijiji kizima nyuma yake. Machela ya devta haibebwi anakotaka kwenda mbebaji. Yeye ndiye anayewavuta wabebaji, mbele, kando, nyuma. Siku hiyo alikwenda hatua tatu mbele na mbili nyuma. Na hakuna anayempita.

Nikazima injini. Chini kule tulisikia vipaza sauti vya uwanjani. Vandana alisimama ameshika breki, akitazama kona ya barabara iliyobaki kama mtu anayetazama basi likiondoka. Dabe Ram alivumilia mpaka machela iliposimama wabebaji wabadilishane mabega. Hapo akainama na kujipenyeza upande wa mtaro, akinong'ona kwamba devta amsamehe, ni dakika moja tu.

Machela ikamgeukia. Ililala upande, ikamziba na kumbana kwenye ukuta wa mlima pamoja na baiskeli yake. Nokhu Ram, gur wa devta, yule ambaye devta husema kupitia kinywa chake, akaanza kutetemeka. Kofia ikaanguka, nywele zikamwagika. Nokhu alikuwa anachechemea tangu mvua za mwaka uliotangulia, alipotumbukia kwenye shimo la barabara hiyo hiyo. Watu wa mjini huniuliza kama alikuwa anaigiza. Nimemwona akitetemeka mara nyingi, na jibu sina.

Bibi mmoja akanyoosha kidole. "Hicho kiti," alisema, "ni cha ngozi."

Ngoma zikanyamaza. Mbele ya devta yule mtu havai hata mkanda wa ngozi. Wapiga ngoma walivaa viatu vya katani, na mimi mwenyewe mkanda wangu huuacha nyumbani. Dabe Ram alikuwa ameyajua hayo tangu utoto, lakini siku tatu za raha zilikuwa zimemsahaulisha alichokalia.

Akaomba radhi, akatoa ahadi ya beberu. Machela ikainama upande wa pili: hapana. Akaongeza beberu mwingine. Hapana. Akapandisha ahadi hadi mwavuli wa fedha wa kumkinga devta. Machela ikasogea taratibu, na ncha ya mti wake ikagusa usukani wa baiskeli ikakaa hapo. Hapakuwa na haja ya gur kufafanua, lakini alifafanua: kilicholeta ngozi mbele yangu, kibaki nami.

Dabe Ram aliiachia. Nilikuwa karibu, nikauona uso wake. Ulikuwa uso uliopata nafuu, kama wa mtu aliyeng'olewa jino bovu. Bila baiskeli hawezi kuvuka mstari, na hakuna mpiga kura ambaye angemlaumu kwa uamuzi wa devta.

"Basi, binti," alisema kwa upole mwingi. "Tumefanya tulichoweza. Hatukumaliza. Hiyo yako itarudi dukani Jumatatu."

Kwenye jipi, redio ya Meja ilikuwa inakoroma: saa sita imefika, tumefunga, Fagio uko wapi.

Vandana alilaza baiskeli yake majanini. Akavua kofia ngumu, glavu na viatu, akaenda kwa soksi zilizotoboka mpaka mbele ya machela, akaomba punje za shayiri, zile ambazo devta hujibia maswali. Mtu yeyote ana haki ya kumuuliza devta swali. Wengi huuliza habari za ng'ombe aliyepotea, au mume.

"Baba Nag," alisema, "Mjomba aliahidi uani kwako. Alisema nikimaliza naye. Sasa wananiambia sijamaliza. Mimi nauliza, mwisho wa mbio uko wapi?"

Kichwa cha gur kikayumba. Kisha akawauliza watu, kwa ile sauti ambayo si yake, "Kuna mtu mbele yangu?"

Wakajibu kwamba hakuna.

"Basi mwisho uko hapa nilipo."

Akamtupia Vandana punje za shayiri, naye akazidaka zote. Ngoma zikaanza tena. Dabe Ram alitazama kijiji chake chote kilichosimama barabarani, akina mama na vikapu vyao, vijana waliokuwa wakipandisha bango lake la uchaguzi wiki iliyopita, wazee waliokuwa uani siku ya ahadi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama machela. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Tumemaliza, Mjomba," Vandana alisema. "Umesikia?"

"Nimesikia. Bonde zima limesikia." Alijifuta jasho. "Ichukue. Lakini mama yako umwambie nilikupa kwa moyo mmoja."

"Nitamwambia ulinipa."

Baada ya hapo devta alishuka mlima moja kwa moja, bila kurudi nyuma hata hatua moja. Tulimfuata wote. Dabe Ram alipanda garini kwangu, akakaa kiti cha mbele juu ya koti langu lililokunjwa mara nne. Tulipofika uwanjani walikuwa wanang'oa tao la mstari wa mwisho, na Meja alikuwa ameshaandika.

Katika orodha ya Meja, Dabe Ram na Vandana hawakumaliza. Dabe Ram alishinda uchaguzi. Bango lake la mwisho lilimwonyesha amesimama karibu na machela, mikono kifuani, baiskeli haionekani. Alitengeneza barabara, kipande kile ambacho devta hupita. Hajapanda baiskeli tena. Meja Sondhi sasa hutuma mtu kila mwaka na maua kwenda kuuliza tarehe, na gharama ya maua ameiongeza kwenye kiingilio. Vandana alikwenda Pune, akashindana misimu miwili, akavunjika mfupa wa bega, akapata kazi kwenye shirika la reli, kwa nafasi zinazotengewa wanamichezo. Baiskeli bado anayo. Ile nyingine iko ghalani mwa devta, inaning'inia kati ya tarumbeta, haina kiti. Msimamizi wa hekalu huishusha wakati wa sherehe na kuipanda amesimama, kwenda kuwaalika devta wa vijiji vingine. Kiti chenyewe kilitupwa mtoni. Nokhu Ram alikufa majira ya baridi yaliyofuata, na gur aliyemrithi hapendi kelele za baiskeli. Mpeleka barua wa Sojha bado ana kile chembamba ukutani. Fagio liliuzwa kwa muuza kabichi. Mimi napika dengu kwenye kambi ya barabara, juu kidogo ya Jalori, mpaka theluji ianze.