Kitanda cha Sita

Tangu alfajiri Letisia alikuwa akitandika vitanda visivyo na wa kuvilalia. Vitanda sita, shuka sita nyeupe, na ukutani kibao cha Mfuko wa hisani ulioijenga nyumba ile: MAMA ASIVUKE MTO NA UCHUNGU. Maneno mazuri sana. Lakini kila alipoyasoma, aliyapa kisogo.

Nyumba ilijengwa kando ya zahanati ya kijiji, ili wajawazito wa ng'ambo ya mto Mkondoa waje kungojea siku zao kabla mvua hazijaukasirisha mto. Na huko ng'ambo waliishi Wasukuma, watu wa ng'ombe, waliohamia miaka ya karibuni. Shida ilikuwa moja: zahanati haimwandikishi mjamzito asiye na barua ya mwenyekiti wa kijiji inayosema ni mkazi, na wa ng'ambo hawakuandikiwa barua hiyo hata siku moja. Basi nyumba ikakaa mwaka mzima, safi, inanuka chokaa, na Letisia ndiye mtunza funguo. Kazi aliipata kwa cheti chake cha masomo ya jioni, na ndiyo iliyomlisha yeye na mwanawe Agness tangu baba mtoto alipokwenda kukata miwa huko Ruaha akakawia.

Mwezi wa tatu alikuja mke wa Shimba kutoka ng'ambo, amejishika kiuno. Letisia akamwuliza barua. Hana. Akamrudisha, kwa upole, lakini akamrudisha. Siku ya tatu watu wa ng'ambo walivuka kuja kuazima sepetu.

Tangu hapo, mtu akibisha mlango, Letisia alisikia sepetu.

"Letisia!"

"Abee, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Mzee Abubakari, mwenyekiti mwenyewe, aliingia na wanawake watano wa kijijini nyuma yake, wote wamefura matumbo kwa kanga walizoviringisha ndani ya magauni. "Mgeni wa Mfuko alilala Mikumi, saa nne atakuwa hapa. Akiridhika, wanatujengea nyumba ya pili. Asiporidhika, hata haya mabati watakuja kuyang'oa, na wewe utarudi kupalilia mpunga wa watu na huyo mtoto mgongoni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

"Vitanda sita, watu watano. Wa sita?"

"Yupo," Letisia akasema. "Nitamleta."

Mwenyekiti akatoka kwenda kungojea gari barabarani. Wanawake wakapanda vitandani wakicheka.

"Jamani, wangu anapiga teke!" alisema Magreti, muuza vitumbua, mkubwa kuliko wote.

"Kanga ina miguu, Magreti?"

"Ndiyo maana hanisumbui kama baba yake."

Letisia hakucheka. Alikwenda nyuma, kwenye banda la kuni. Limi, mke wa Masunga wa ng'ambo, alikuwa amekaa pale pale alipomficha usiku uliopita, mgongo ukutani, jasho linamtiririka. Kiswahili chake kilikuwa kidogo.

"Dada, kinauma."

"Tangu lini?"

"Tangu jogoo."

Mungu wangu. Letisia alidhani zimebaki wiki mbili. Akamshika mkono, wakaenda hatua kwa hatua. Wanawake walipomwona Limi, kicheko kilikatika. Magreti peke yake alishuka kitandani, akamsaidia kulala.

Gari likafika. Bi Regina wa Mfuko alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na kabla ya kuajiriwa na Mfuko alikuwa mkunga miaka ishirini. Mwenyekiti hakulijua hilo. Aliingia akitabasamu mbele yake, na Kornelio, tabibu wa zahanati, akifuata nyuma. Mwenyekiti alipokiona kitanda cha sita, tabasamu likabaki mdomoni kama kitu kilichosahaulika. Alimtazama Letisia. Letisia akakaza kitambaa kilichomfunga Agness mgongoni.

Bi Regina hakuanza na kitanda cha kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Limi, akaweka kiganja juu ya tumbo.

"Huyu uchungu umekwisha kuanza. Kadi yake iko wapi?"

Kornelio akainamisha kichwa. Nje mbuzi alilia. Mwenyekiti akakohoa: "Huyu, mama, ni..."

"Hana kadi," alisema Letisia. Sauti aliisikia kama ya mtu mwingine. "Hana kadi kwa sababu hana barua. Wa ng'ambo hawapewi barua. Kuna mwingine alikuja mwezi wa tatu. Nilimrudisha mimi, kwa mkono wangu huu. Alikufa na mtoto."

Magreti akaketi, akachomoa kanga tumboni, akaanza kuikunja pembe kwa pembe.

"Na sisi tujifungue, wenzangu. Mimi nimechoka."

Bi Regina hakukasirika, na hilo lilitisha zaidi. Alimwambia Kornelio anawe mikono na kumshughulikia mgonjwa, kisha akamwita Letisia barazani. Mkononi alikuwa na karatasi ndefu iliyoviringwa.

"Nimekuja na ramani ya nyumba ya pili," alisema.

"Usijenge, mama."

"Unasemaje?"

"Nyumba si kitu tunachokikosa. Hii yenyewe haijalaza mtu. Nendeni halmashauri, Kilosa, mkaseme mjamzito apokelewe kwa tumbo lake, si kwa barua. Nyinyi mtasikilizwa. Mimi hata mlangoni hawataniruhusu."

"Mwanangu, sisi ni watu wa kutoa. Mambo ya amri ni ya serikali."

"Mlitoa, mama. Na yule mke wa Shimba nilimrudisha hatua kumi kutoka kwenye shuka zenu, akafa."

Bi Regina alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha ramani ile akaisukuma ndani ya mkoba, mpaka ikajikunja vibaya.

"Madiwani wanakaa Alhamisi. Nitaomba nafasi ya kusema. Lakini nikisema peke yangu ni hadithi ya mgeni. Utakuja?"

Letisia aliwaza ukumbi, wanaume wa kaunda suti, kiti cha mwenyekiti. Aliwaza mpunga wa watu.

"Nitakuja."

Gari lilipoondoka, Mzee Abubakari hakuondoka. Alikuja polepole mpaka mlangoni. Letisia alisimama katikati ya mlango, Agness mgongoni.

"Gari limekwenda," alisema mzee. "Mtoe."

"Siwezi, mzee."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Siwezi."

Ndani, Limi akatoa mlio mzito, wa chini. Mzee alishtuka. Alimtazama Letisia, kisha akaketi kwenye kizingiti, akavua kofia yake.

"Unajua lile sepetu waliazima kwa nani?"

Letisia alitikisa kichwa.

"Langu. Niliwapa mwenyewe, kwa mkono wangu. Walilirudisha limeoshwa." Aligeuza kofia mara mbili. "Lakini barua ya mkazi si ya uzazi tu, binti. Leo anazalia, kesho mume anaionyesha kwamba ni mwenyeji, keshokutwa ng'ombe mia wako mpungani. Nikiiandika, wenye mashamba wananivua uenyekiti. Na atakayekaa baada yangu, vitanda hivi atavifanya ghala."

"Basi uzazi usihitaji barua kabisa, mzee. Amri ikitoka Kilosa, nani atakuuliza wewe?"

Mzee alikung'uta vumbi kofiani. "Alhamisi," alisema mwishowe, "mimi nitakaa nyuma kabisa. Sitasema kitu. Lakini wakiniuliza kama ni kweli, sitakataa."

"Maji!" Kornelio aliita kutoka ndani. "Maji ya moto, upesi!"

Letisia aligeuka, lakini mzee alikuwa amekwisha kuinuka na ndoo, anaelekea jikoni na kofia yake kwapani.

Jua lilikuwa limeinamia upande wa reli Letisia alipolifungua daftari la nyumba, jeupe tangu ukurasa wa kwanza. Aliandika: Limi, mke wa Masunga. Mtoto wa kike. Wote wazima. Alipofika sehemu ya namba ya barua, kalamu ilisimama. Alisikiliza: mto ulikuwa unaanza kuvuma, mvua zimenyesha juu milimani. Huko ng'ambo walikuwapo wengine wanne wenye matumbo, na Alhamisi ilikuwa bado siku tano.

Aliacha nafasi ile wazi. Kisha akatoka na taa, akaitundika nje, juu ya mlango, mahali inapoonekana kutoka ng'ambo.